Machi ya kushika hili na kuacha lile

Shangazi alipiga simu nikiwa chini ya meza ya jikoni, natafuta sindano kwa sumaku niliyoibandua kwenye friji.

Ilikuwa Jumamosi, mwanzoni mwa Machi, hapa Leeds, Uingereza. Juu ya meza palikuwa na doti ya kanga iliyokatwa katikati lakini haijapindwa, trei ya mayai yenye viazi badala ya mayai, kopo la rangi nyeupe, na cherehani ya chuma iliyogoma kuzunguka. Brashi nilikuwa nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni isikauke. Mlango wa stoo ulikuwa umepakwa rangi nusu ya juu. Nusu ya chini bado ilikuwa na michubuko ya baiskeli ya mwanangu.

Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, baridi imepungua kidogo. Kisha akauliza swali lake la siku zote:

"Haya, leo umefanya nini?"

Nikatoa kichwa chini ya meza, nikatazama.

"Sijafanya kitu, shangazi."

"Basi pumzika," akasema, tukahamia kwenye habari za msiba wa jirani yake.

Pumzika! Na miguu ilikuwa inawaka moto tangu asubuhi.

Jibu lile lilinikaa kooni. Nilikwenda nalo kazini Jumatatu, nikarudi nalo. Siku nzima nimehangaika, halafu mtu anayenipenda ananiuliza nimefanya nini na sina hata kimoja cha kumtajia. Wiki zimepita na bado nalitafuna, ndiyo maana naliandika.

Kila kitu kinangoja kitu

Kwanza nilijishuku mwenyewe. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo mtu hulala akijua amemaliza nini: matuta mangapi, ndoo ngapi, nguo za nani. Kugusagusa kazi ilikuwa tabia ya mtoto mvivu. Sasa mume wangu akiniona napita na bisibisi mkono mmoja na kibunda cha uzi mkono wa pili, husema tu, "Umeanza doria."

Ila nilipoanza kuangalia kila kazi ilikoishia na kwa nini iliishia pale, niliona jambo ambalo sikulitarajia. Hakuna hata moja niliyoiacha kwa kuchoka.

Rangi ilikuwa inataka ikauke kabla ya mkono wa pili, na kwenye korido yenye baridi inajichukulia muda wake. Mafuta niliyoyatia kwenye cherehani yalikuwa yanataka usiku mzima yapenye. Kanga zilikuwa zinaingoja cherehani. Viazi vilikuwa vinataka wiki kadhaa za kuchipua. Mbegu za mchicha zilikuwa zinataka joto ambalo Yorkshire, jimbo letu hili la Leeds, haina mwezi huu.

Na udongo, huo ndio mkaidi kuliko wote.

Tunakodi nusu ploti kwenye bustani za halmashauri. Waingereza wana sheria ya mwaka 1908 inayozipa halmashauri wajibu wa kutenga mashamba madogo ya kukodisha wananchi walime mboga, na mpaka leo ploti kamili hupimwa kwa kipimo cha kale, rod kumi, ambazo ni kama mita za mraba 250. Kwa mtu wa Muheza, kwetu Tanga, hiyo si shamba, ni uwanja wa kuanikia. Hapa watu wanaingoja kwa miaka.

Siku ileile asubuhi nilikuwa nimekwenda na jembe. Udongo wetu ni mfinyanzi. Kabla hujalima, unachukua konzi moja, unaifinya, halafu unaisukuma kwa kidole gumba. Ikivunjika vipandevipande, anza kazi. Ikibaki donge linalong'aa, lenye alama za vidole vyako vyote vitano, rudi nyumbani. Langu lilibaki donge. Hata njiani kuelekea getini udongo uliendelea kunishika kwenye buti, kila hatua naongezeka kimo. Ukilazimisha kuulima ukiwa hivyo unaukandamiza, hewa yote inatoka, na kufika Juni una tofali.

Nikarudi. Na kwa kuwa tayari nilikuwa nimevaa nguo za kazi, nikashika brashi.

Hivyo ndivyo siku inavyokwenda. Kazi ya kwanza inakutupa kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, na jua linazama zote zikiwa zimefika mahali ambapo mkono wako hauwezi kuzisogeza tena.

Viazi vinavyotazama dirisha

Trei ya mayai naitetea kuliko vyote vilivyokuwa mezani, kwa sababu ndiyo inayochekwa na kila mgeni.

Mbegu ya kiazi ukiiweka gizani inachipua pia, lakini chipukizi linakuwa refu, jeupe, jembamba, na linakatika ukiligusa. Ukiiweka kwenye mwanga usio wa jua kali, penye ubaridi lakini pasipoganda, chipukizi linabaki fupi na nene, lenye rangi ya zambarau iliyochanganyika na kijani, limekaa imara kwenye jicho lake. Trei inafaa kwa sababu kila kiazi kinasimama peke yake, upande wenye macho mengi ukiwa juu. Wakulima wa viazi wa Njombe na Mbeya hawahitaji kufundishwa hili. Nao huweka mbegu kwenye vichanja penye mwanga hafifu kwa sababu hiyohiyo. Tofauti ni kwamba wao wana ghala na mimi nina dirisha la bafuni.

Nikipita kunawa mikono navigeuza kidogo. Je, hiyo ni kazi? Ukimwambia mtu "leo nimegeuza viazi", atakuuliza na baada ya hapo?

Kupanda ni lini, hapo ndipo burudani ilipo. Wazee wa bustanini watakuambia viazi hupandwa Ijumaa Kuu. Wanasema kwa uhakika kabisa, kama vile Ijumaa Kuu ina tarehe. Pasaka huangukia popote kati ya Machi 22 na Aprili 25. Kuna mwaka ukifuata mila hiyo unapanda kwenye jalidi, yaani umande ulioganda, na kuna mwaka unachelewa mwezi mzima, na mila inabaki palepale, haina wasiwasi. Nilipomuuliza mzee wa ploti ya jirani kuhusu jambo hilo alinijibu kwamba Ijumaa Kuu ni siku ya mapumziko, na zamani ndiyo siku mfanyakazi alikuwa na nafasi ya kupanda.

Hapo nilimwelewa. Kalenda yake haikuwa ya hali ya hewa hata kidogo. Ilikuwa ya mwajiri.

Mawingu yasiyo na dalili

Kwetu dalili ya mvua ni mawingu. Huku mawingu yapo kila siku na hayana dalili ya chochote.

Hili ndilo lililonisumbua tangu mwaka wa kwanza nilipoanza kulima hapa. Masika ikishuka Muheza, hakuna anayebaki na swali. Mvua ya kwanza ya maana ikipiga usiku, asubuhi kijiji kizima kiko shambani, na hata asiyetaka kulima anaona aibu kukaa barazani. Majira ya machipuko hayana mlio wa namna hiyo. Yanakuja kwa kunong'ona: siku inarefuka kwa dakika chache, ndege wanaanza kelele mapema, maua ya njano yanatokea kandokando ya barabara. Halafu katikati ya Machi zinakuja siku mbili tatu za jua, watu wanavaa kaptula, maduka yanatoa miche ya nyanya nje, na wiki inayofuata umande unaganda tena kwenye vioo vya magari. Kwa hapa jalidi inaweza kukushtukiza hata Mei.

Sukuma wiki haina shida na mchezo huo. Niliyoipanda mwaka jana imesimama kipindi chote cha baridi, na majani yake yamekuwa matamu kuliko ya Agosti, maana mmea ukipigwa na baridi huongeza sukari ndani yake usigande. Sasa inataka kutoa maua. Nakata vile vikonyo vya maua kabla havijafunguka, navikaanga na kitunguu na chumvi tu. Ningekuwa na uwezo ningewatumia ndugu zangu wote waonje.

Mchicha ni kinyume chake. Mbegu zile ndogo nyeusi, ambazo ukipiga chafya zimekwisha, hazidanganyiki na jua la siku mbili. Zinataka udongo uliopata moto kweli, nyuzi 20 hivi. Naziweka kwenye bahasha juu ya kabati la jikoni, na kila nikifungua kabati tunatazamana.

K ya Kilbowie

Cherehani niliipata kwenye duka la mitumba la hisani, imewekwa chini karibu na vitabu vya mapishi. Ni Singer ya mkono, 99K. Hiyo K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa miaka ya 1880 na kufungwa mwaka 1980. Wengi wetu tumekua tukisikia mlio wa Butterfly za Shanghai kwenye baraza za mafundi, na umbo ni lilelile, nyeusi yenye nakshi za dhahabu, isipokuwa hii haina meza wala pedali. Mkono wa kulia unazungusha gurudumu, wa kushoto unaongoza kitambaa, na ukipata chafya kitambaa kinajiongoza.

Tatizo lilikuwa mafuta ya zamani. Yakikaa miaka bila mashine kutumika yanageuka gundi. Ukilazimisha gurudumu unaweza kuvunja kitu ambacho hakitengenezwi tena. Kwa hiyo unatia tone kwenye kila tundu, unasubiri, unajaribu kuzungusha kwa kidole, inasogea unene wa kucha, unaacha. Kesho yake tone jingine.

Hapa nina ushahidi mzuri zaidi dhidi ya nafsi yangu inayotaka hesabu. Siku iliyofunguka, nilikuwa sifanyi chochote cha pekee. Nilikuwa napita kwenda kuanika nguo, nikagusa gurudumu kwa mazoea, likazunguka. Nguo zenyewe nilizianika jioni.

Hasidi hana sababu

Kanga zile nilizinunua Tanga mjini safari ya mwisho, nikazileta kwa ajili ya kuvaa. Zimelala kwenye droo tangu siku hiyo. Kwa baridi ya huku kanga ni ya ndani, na hata ndani unavaa sweta juu yake, kwa hiyo jina halisomeki. Nyekundu na nyeusi, mji wenye korosho, na jina lake: Hasidi hana sababu.

Wazo la pazia lilikuja kwa sababu ya vipimo. Kanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110, na dirisha la jikoni linataka pazia mbili zenye urefu wa karibu hizo 110. Doti moja, dirisha moja. Aliyepanga vipimo vile hakuwa akiifikiria Leeds, lakini vimekubali.

Shaka ilianza nilipozishika mkononi. Jua la kiangazi litazipausha, hata nikizitia bitana. Tena pazia ni kitu cha kufutia mikono, mnaijua familia yangu. Nikazirudisha kwenye droo. Nikazitoa. Mama yangu ana sanduku la kanga ambazo hazijawahi kupata maji, anazingojea harusi ya nani sijui, na mara ya mwisho tulipolifungua panya alikuwa ameshapita kona moja. Nilipokumbuka ile kona nikachukua mkasi.

Kisha likaja swali la jina lielekee wapi. Likielekea ndani, nitalisoma mimi nikiosha vyombo, na mimi sina ugomvi na mtu. Likielekea nje, watalisoma majirani, ambao hawajui Kiswahili na wameshasema mara mbili jinsi rangi zilivyo nzuri. Mume wangu alipiga kura ya nje. Nimeliweka ndani, wao wanaliona limegeuka kinyumenyume kwenye mwanga wa taa, na amani imedumu.

Vipande vilivyobaki kwenye kitenge cha bitana nilivishona kuwa mfuko mrefu, nikaujaza matambara, nikaulaza chini ya mlango wa mbele kuzuia upepo. Waingereza wana kitu hicho karibu kila nyumba. Ningeulaza mlangoni kwetu, wageni wangezunguka kupitia dirishani.

"Nimekuuliza tu"

Shangazi alipopiga tena, nilikuwa nimejiandaa. Alipofika kwenye "umefanya nini leo", nikamtajia vyote. Nimesugua kutu kwenye makasi ya kupogolea. Nimeziba ufa wa dirisha la juu. Nimefumua zipu ya koti la mtoto. Nimehamisha viazi dirisha jingine. Nimetia mafuta...

"Mwanangu," akanikatiza. "Mimi nimekuuliza tu."

Bila shaka. Ni salamu. Maisha yangu yote imekuwa salamu, inayojibiwa "tunahangaika tu" au "tupo". Sijui ni lini masikio yangu yalianza kuisikia kama ripoti ya mwisho wa mwezi. Nadhani ni ofisi, ambako kila Ijumaa kuna fomu ya kujaza.

Nikamrudishia. "Na wewe je, umefanya nini?"

"Mimi? Sijafanya kitu. Tunangoja mvua."

Jibu langu, neno kwa neno. Sikumwacha. Nikamdodosa, na polepole yakatoka. Amempata kijana wa kupigilia mfereji wa bati unaopeleka maji kwenye tangi. Ameshona turubai kwa uzi wa kiroba. Amechambua mbegu za mahindi, akatenga zilizotobolewa. Ametia mpini mpya kwenye jembe dogo, lile lingine bado. Ameanza kufyeka chini ya michungwa, akaacha kwa sababu ya jua. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatoa utabiri wa masika mwezi Februari, ameusikia redioni, na bado kila jioni anatoka kuangalia upande wa baharini.

Ndipo nilipokumbuka vizuri utoto wangu, maana nilikuwa nimekumbuka nusu. Nilikuwa nimeshika ile asubuhi ya mvua ya kwanza, kijiji kizima shambani, na nikaifanya ndiyo kipimo cha kazi. Wiki za kabla yake nilikuwa nimezifuta. Babu kwenye kigoda, anasuka kamba, anaacha, ananoa panga, anaacha, anakwenda kuangalia banda la kuku. Bibi anabandika viraka kwenye mashuka. Hakuna aliyemaliza kitu. Ila mvua ilipopiga hakuna aliyekwenda kutafuta mpini.

Lakini si sawa

Nilitaka kuishia hapo, na nilipokaribia kuishia hapo nikaona naidanganya hadithi.

Mimi na shangazi tunangoja, ndiyo. Lakini viazi vyangu vikiliwa na jalidi, nitasikitika, nitapiga picha, nitakwenda dukani. Shangazi akipanda kavu, yaani akafukia mbegu kwenye vumbi ili mvua izikute tayari, anacheza na chakula cha nyumba. Ikija mvua ya kudanganya, mbegu zinaota, jua linarudi, zinakauka, na mbegu nyingine ni za kununua. Akisubiri hadi ajiridhishe, anaweza kuchelewa na mahindi yakakosa maji wakati wa kubeba. Panya na ndege nao hawasubiri utabiri. Kule kungoja kuna gharama. Kwangu kuna starehe ndani yake, na ninaona haya kidogo kuandika kwamba tunafanya kitu kimoja.

Nimejaribu kujiambia kwamba kama hakuna hatari, basi ni mchezo, na mchezo haupaswi kunichosha akili. Haikusaidia. Ninaipenda kazi hii kwa uzito wake wote, na najua kwamba haina uzito ule wa shangazi. Yote mawili yako pamoja na sijaweza kuyapatanisha.

Kilichobadilika ni kidogo. Siandiki tena orodha ya vilivyomalizika, kwa sababu Machi nzima ingekuwa karatasi tupu. Ubavuni mwa friji nimebandika karatasi yenye vitu na kile kila kimoja kinachongoja: rangi, ikauke; ploti, udongo umeguke; mchicha, joto; zipu, nipate ya sentimita 45. Jioni nikiisoma, naona kwamba nimefanya sehemu yangu, iliyobaki si yangu. Mume wangu ameongeza mstari wake kwa kalamu nyekundu: "Chakula, mke amalize doria."

Kuhusu mchicha, nimeamua kugawa mbegu. Fungu moja nitalianzisha ndani katikati ya Aprili, jingine nitalisia moja kwa moja kwenye ploti mwezi Juni. La tatu nimempa yule mzee wa Ijumaa Kuu. Alizitambua mbegu mara moja, akafurahi sana, kumbe yeye amekuwa akipanda ndugu wa mchicha kwa miaka mingi kama ua, yale mashuke mekundu yanayoning'inia, na hajawahi kuonja jani. Tumebishana sana pale kwenye uzio. Mwisho tumekubaliana kwamba majani ya chini ni yangu, mashuke ni yake, na atakayevuna kwanza amwambie mwenzake.